Anayefungua kampuni ya uhusiano wa umma asiuze ukurasa usio wake

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika safu yako ya barua tuzungumze na wanaojiandaa kufungua kampuni zao za uhusiano wa umma. Wengi wao wanatoka kwenye vyumba vya habari au ofisi za mawasiliano, na ushauri wanaopewa kila kukicha ni kwamba mtaji wa kazi hii ni kompyuta, simu na urafiki na waandishi. Kompyuta na simu, sawa. Huo urafiki ndio uliotufanya tushike kalamu, maana wengi wanaingia sokoni wakiuza kitu kisicho chao. Wanauza ukurasa wako, Mhariri.

Chukua pendekezo la kazi la kampuni yenye umri wa miezi mitatu. Katikati ya sifa na picha utakuta sentensi hii au ndugu yake: "Tunakuhakikishia habari 10 kwa mwezi, 2 zikiwa ukurasa wa mbele." Aliyeiandika hana kiti kwenye kikao cha wahariri cha asubuhi. Hajui kama siku hiyo mto utavunja kingo au waziri atajiuzulu, habari ya mteja wake isukumwe hadi kesho, kisha ichache. Ahadi ni deni. Mwezi unakwisha zimetoka habari 3, mteja anadai 7 zake, na mwenye kampuni anabaki na njia 2 za kulipa: kumpenyezea mwandishi bahasha, au kununua nafasi ya tangazo kwa fedha yake mwenyewe na kulivika tangazo hilo nguo za habari. Njia ya kwanza inamfanya mateka, kwa kuwa mwandishi aliyelipwa leo atasubiri kulipwa tena kesho, na ushahidi anao. Ya pili inameza faida ya miezi kadhaa kwa mpigo.

Mpaka kati ya habari na tangazo si mpya. Mwaka 1906 Mmarekani Ivy Lee, aliyewahi kuwa mwandishi wa habari, aliajiriwa na wenye migodi ya makaa ya mawe waliokuwa kwenye mgogoro na wafanyakazi wao. Wahariri walimtilia shaka, naye akawapelekea tamko fupi: kazi yake inafanyika hadharani, anachotoa ni habari, na mhariri akiona andiko lolote linastahili kwenda dawati la matangazo, asilitumie. Lee mwenyewe hakuishi kwa kipimo hicho siku zote, na historia yake ina madoa. Lakini mstari ule kati ya habari na tangazo bado ndio mpaka wa shamba letu, na anayeanza biashara aupandie miti kabisa.

Basi auze nini? Auze saa zake na akili yake, na aviandike kwa namna inayohesabika. Mkataba unaosema "tutaandaa taarifa 2 kwa mwezi kwa vyombo vya habari, tutazipeleka kwa waandishi wasiopungua 25 wanaofuatilia sekta hii, tutawapigia ndani ya siku 2, tutampa msemaji wako mafunzo ya saa 4 mbele ya kamera, na tutakuletea ripoti kila tarehe 5" unatekelezeka hata mto ukivunja kingo. Mteja akiukataa kwa sababu kampuni nyingine imemwahidi ukurasa wa mbele, mwacheni aende.

Tukishakubaliana kwamba bidhaa ni saa, suala la bei linamalizwa na kalamu na karatasi, na hapa ndipo wengi wanapojichinja kwa mikono yao. Mwaka una wiki 52. Kwa saa 40 kila wiki ni saa 2,080. Toa likizo ya wiki 4, saa 160. Toa sikukuu 10, saa 80. Toa siku 5 za kuugua, saa 40. Zimebaki 1,800, na hizo nazo si zote zinazouzika. Kutafuta wateja, kuandika mapendekezo yasiyojibiwa, kutuma ankara na kuzifuatilia, kusoma magazeti, kuhangaika na intaneti iliyokatika: yote hayo hayana wa kuyalipia. Anayeanza peke yake akiweza kuuza asilimia 60 ya saa zake amefanya vizuri sana. Hiyo ni saa 1,080 kwa mwaka, yaani 90 kwa mwezi.

Sasa jumlisha matumizi ya nyumbani kwa mwaka, gharama za ofisi, kodi, akiba na faida kidogo. Tuseme, kwa fedha ya nchi yoyote, inafika 108,000. Gawa kwa 1,080, unapata 100 kwa saa. Mwenzako aliyegawa kwa 2,080 amepata 52, akachekelea kwamba yeye ni nafuu kuliko washindani, kumbe kila saa anaiuza kwa karibu nusu ya bei inayomwezesha kuishi. Mwaka wa kwanza hataona, kwa sababu anafanya kazi usiku na Jumapili. Ataona mwaka wa pili, mwili utakapokataa.

Kwa bei hiyo ya 100, mteja wa ada ya mwezi aliyechukua saa 20 atalipa 2,000. Katika saa zako 90 wanaingia wateja 4 wa namna hiyo, na zinabaki saa 10 za kazi za kushtukiza. Wateja 4 si 9. Anayejisifu kwamba ana wateja 9 na hajaajiri mtu, ama anawaibia saa au anajiibia usingizi.

Halafu kuna daftari. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na hakuna mali inayopotea kimyakimya kama saa. Andika kwa vipande vya dakika 15, siku hiyohiyo, si Ijumaa jioni kwa kubahatisha. Mteja wa saa 20 hatakuja hata siku moja kuomba saa 14 za bure. Ataomba hivi: "Hebu nipitie hotuba ya mwenyekiti." "Njoo kidogo kwenye kikao cha masoko." "Hii nayo tuwekee Facebook." Dakika 40 hapa, saa 2 pale, mwezi unafungwa kwa saa 34, na ile 100 yako imeshuka hadi 59. Mwenye daftari anampigia mteja tarehe 20 na kumwambia zimebaki saa 3, achague: hotuba iahirishwe, taarifa ya pili iondolewe, au aongeze malipo. Wateja wengi huchagua bila ugomvi. Asiye na daftari ana kinyongo tu, na kinyongo hakitumiwi ankara.

Fedha inaingia lini? Fuatilia mfano mmoja. Kazi imeanza Januari 1. Ankara imetoka Januari 31, na masharti ya mteja ni kulipa baada ya siku 60. Mpaka Aprili inabisha hodi, umeshalipa pango mara 3, intaneti mara 3 na mpiga picha mara 2, na mfukoni hakuna kilichoingia. Kampuni nyingi changa zinafia hapo zikiwa na wateja wazuri kabisa. Kwa hiyo kabla ya kuandika barua ya kuacha kazi, weka kando matumizi ya miezi 6. Ankara ya ada itoke tarehe 1 ya mwezi wa kazi na ilipwe ndani ya siku 14. Kwa kazi ya mradi, chukua asilimia 50 kabla ya kugusa chochote, 30 katikati, na 20 baada ya kukabidhi. Fungu la mwisho likiwa kubwa, mteja anapata sababu ya kutafuta kasoro.

Gharama za watu wengine, yaani ukumbi, vipaza sauti, uchapaji, chakula cha wageni, mteja azilipe mwenyewe au akupe fedha mapema. Kampuni changa inayomlipia ukumbi mteja tajiri imegeuka benki isiyotoza riba. Ukiongeza asilimia 10 au 15 kwa ajili ya usimamizi, iandike kwenye makadirio ionekane. Nyongeza iliyofichwa hugundulika siku mhasibu wa mteja anapokutana na mwenye ukumbi, na siku hiyo hata ankara zako safi zinaanza kukaguliwa.

Mteja mmoja asizidi theluthi ya mapato yako. Akifika nusu, wewe si mwenye kampuni tena; ni mwajiriwa wake asiye na likizo.

Turudi kwenye meza yako, Mhariri, kwa sababu kipimo cha kampuni yoyote ya uhusiano wa umma ni kile kinachofika hapo. Aya ya kwanza ya taarifa nyingi inaanza hivi: "Kampuni kinara katika utoaji wa suluhisho za kisasa za maji, inayo furaha kubwa kuutangazia umma na wadau wote kwamba imefikia hatua nyingine ya kihistoria..." Maneno 24, habari hakuna. Shuka hadi aya ya 5, ndipo unakuta: "Visima 12 vitaanza kutoa maji Jumatatu, na ndoo ya lita 20 itauzwa nusu ya bei ya sasa." Hiyo ndiyo habari, imezikwa chini ya furaha. Mhariri mwenye taarifa 80 kwenye barua pepe hafiki aya ya 5, wala hana sababu ya kufika.

Wasomaji watadhani kosa hilo ni la mwandishi asiyejua kuandika. Mara nyingi sivyo. Rasimu ya kwanza ilianza na visima. Ikaenda kwa mkurugenzi, akaongeza "kinara". Ikaenda kwa mwanasheria, akaogopa ile bei na kuisukuma chini. Ikaenda idara ya masoko, wakabandika kaulimbiu. Ikarudi baada ya siku 9, visima vimekwisha kutoa maji wiki nzima. Dawa yake haipo kwenye kozi ya uandishi; ipo kwenye mkataba. Andika kwamba mteja atateua mtu mmoja wa kuidhinisha, kwamba marekebisho ni awamu 2, kwamba jibu litatolewa ndani ya saa 24, na kwamba awamu ya tatu inalipiwa kwa saa. Kifungu hicho kimoja kinaokoa habari nyingi kuliko kipaji.

Taarifa yenyewe isizidi ukurasa mmoja, maneno 350 hadi 400. Kichwa kisivuke maneno 10. Aya ya kwanza iseme nani, nini, lini na wapi kwa maneno yasiyozidi 35. Kauli ya kiongozi iwe sentensi 2, na iwe kitu ambacho binadamu anaweza kukitamka; hakuna mtu anayefungua kinywa na kusema "tunajivunia kuwezesha mageuzi endelevu". Weka ndani ya barua pepe yenyewe, si kwenye kiambatanisho kinachofunguka kwa tabu kwenye simu. Picha 2, moja ya mlalo na moja ya wima, kila moja ikiwa kati ya megabaiti 1 na 3, na maelezo yenye majina kamili kuanzia kushoto. Picha ya watu 14 waliojipanga mstari mbele ya bango haitumiki. Ya mtu mmoja anayefungua bomba inatumika. Mwishoni weka namba ya mtu atakayepokea simu hadi saa 3 usiku. Namba isiyopokelewa saa 12 jioni, wakati ukurasa unafungwa, imeua habari nyingi zilizokuwa zimeshakubaliwa.

Orodha ya waandishi ni chombo cha kazi kama randa ya seremala, na ukiinunua haikati. Jenga yako kwenye jedwali: jina, dawati, mambo anayoandikia, habari zake 3 za karibuni, saa anayofunga, njia anayoipenda kati ya barua pepe na ujumbe wa simu, na tarehe mlipowasiliana mara ya mwisho. Watu 60 unaowajua hivyo wanatosha kuanzia. Ipitie kila baada ya miezi 3, kwa sababu waandishi huhamishwa dawati, na kumpelekea habari ya michezo mtu aliyehamia mahakamani ni kumwambia kwamba humsomi. Na tahadhari ya kitoto ambayo bado inawaangusha wakubwa: usimwage anwani zote 60 kwenye sehemu ya mpokeaji ambako kila mtu anaziona. Tuma kwa mmoja mmoja, ukitaja kwenye mstari wa kwanza kwa nini habari hii inamhusu yeye. Inachukua saa 2 badala ya dakika 2, na ndiyo kazi unayolipwa.

Kuhusu ripoti, kuna ugonjwa mmoja wa zamani ambao tunaomba wageni wasiuingize kwenye kampuni zao. Unapima sentimita za habari iliyotoka, unazidisha kwa bei ya tangazo la ukubwa huo, halafu unamwambia mteja amepata "thamani" ya kiasi kadhaa. Wengine wanazidisha tena mara 3 kwa madai kwamba habari inaaminika kuliko tangazo; hiyo 3 haina chimbuko lolote. Mwaka 2010 wataalamu wa upimaji wa mawasiliano walikutana Barcelona na kupitisha kanuni 7, mojawapo ikisema wazi kwamba bei ya tangazo si thamani ya uhusiano wa umma. Sababu ni rahisi. Hakuna aliyelipa bei hiyo, na kwa hesabu hiyohiyo hata habari ya kashfa iliyojaza ukurasa mzima inaonekana faida kubwa. Kabla ya kuanza kazi, muulize mteja anataka nani afanye nini ambacho hafanyi sasa. Pima hali ilivyo: simu ngapi kwa wiki zinauliza kuhusu visima, watu wangapi wanajua kituo kilipo. Pima tena baada ya miezi 3. Kama simu zimetoka 15 hadi 40, una jambo la kuzungumza. Kama hazijabadilika huku habari 12 zimetoka, nalo ni jambo la kuzungumza, na mteja mwenye akili atakuheshimu kwa kulileta wewe kabla hajaliona.

Kuchagua mteja ni kazi ngumu kwa mwenye njaa, tunalijua hilo. Lakini Septemba 2017 chama cha kampuni za uhusiano wa umma cha Uingereza kiliifukuza uanachama Bell Pottinger ya London, kampuni kubwa na yenye jina, kwa sababu ya kampeni iliyoifanya Afrika Kusini kwa niaba ya kampuni ya akina Gupta, familia ya wafanyabiashara, kampeni iliyoonekana kuchochea uhasama wa rangi. Wateja wengine walikimbia, na kabla mwezi huo haujaisha kampuni ilikuwa mikononi mwa wasimamizi wa ufilisi. Mteja mmoja aliangusha jengo zima. Mwenye kampuni ya watu 2 atumie angalau nusu siku kabla ya kusaini: asome kesi zinazomhusu mteja, ajue wamiliki ni akina nani, aulize walimwacha vipi mshauri wa kabla yake, na kama wadai wake wanalipwa. Asipopata majibu, hilo nalo ni jibu.

Aangalie pia mgongano wa maslahi. Huwezi kuwabeba wauza maji wawili wa eneo moja, hata wakikuapia kwamba hawajali. Siku bei itakaposhuka kwa mmoja, utakuwa unaijua siri ya mwingine.

Na kuna ile siku ya sakata. Ada ya mwezi ya saa 20 haibebi sakata. Mgogoro mmoja unaweza kula saa 60 kwa wiki. Mkataba uwe na bei yake pembeni, mara 1.5 ya kawaida au zaidi, pamoja na majina na namba za usiku za watu 3 wenye mamlaka ya kuamua. Hilo la mamlaka ni kubwa kuliko bei. Mwaka 1982, watu 7 walipokufa katika eneo la Chicago baada ya kumeza vidonge vya Tylenol, dawa ya maumivu, vilivyotiwa sumu ya sianidi na mtu asiyejulikana, Johnson & Johnson, wenye dawa hiyo, waliondoa sokoni chupa zipatazo milioni 31, kisha wakarudi na vifungashio vinavyoonyesha kama vimeguswa. Mfano huo hutajwa kama ushindi wa uhusiano wa umma, lakini kilichosemwa kilikuwa na uzito kwa sababu ya kilichofanywa. Mshauri asiyemfikia mwenye uwezo wa kusema "ondoeni chupa" atabaki kupaka rangi ukuta unaowaka moto. Na asikubali kutamka jambo ambalo hajaonyeshwa uthibitisho wake. Kifungu kiseme kwamba mteja ndiye anayebeba dhamana ya ukweli wa taarifa alizotoa.

Mengine ni ya kawaida, tuyapitie haraka. Sajili kampuni na ujiandikishe kwa kodi kabla ya ankara ya kwanza, si baada yake. Fungua akaunti ya benki ya biashara, na usiichanganye na ya nyumbani hata kwa siku moja. Tumia barua pepe yenye jina la kampuni, siyo ile ya bure. Hifadhi nakala za kazi sehemu 2. Usipe kampuni jina lako la ukoo kama una ndoto ya kuiuza siku moja, maana mnunuzi atakuwa ananunua mtu asiyehama naye. Kurasa za mitandao ya kijamii za wateja ziwe na uthibitisho wa hatua mbili, na ziendeshwe kwenye simu tofauti na yako: mzaha wa mpira uliokusudiwa kwa marafiki, ukitokea kwenye ukurasa wa hospitali, utafutwa ndani ya dakika 1 lakini picha yake itazunguka wiki nzima.

Kuajiri kusiwe kwa furaha ya mkataba mpya. Subiri hadi saa zinazouzika zivuke 90 kwa miezi 3 mfululizo. Kabla ya hapo, mpe kazi mwandishi wa kujitegemea kwa kipande, ukimlipa kwa wakati hata kama wewe hujalipwa. Mtu wa kwanza kumwajiri, kwa maoni yetu, asiwe mwandishi mwingine kama wewe. Awe mtu wa kutuma ankara, kushika daftari la saa na kufuatilia madeni. Yeye ndiye atakayekurudishia zile saa 60 kwa mwezi ambazo hazina mteja.

Tunamaliza na ombi kwako, Mhariri, kwa kuwa si makosa yote yanatoka upande wetu. Gazeti linalopokea tangazo na kulichapa kwa herufi zilezile za habari, bila alama yoyote juu yake, linamfundisha kijana anayeanza kwamba ukurasa kweli unauzwa. Kisha tunashangaa akiuweka kwenye pendekezo lake. Weka neno "Tangazo" juu ya kila kilicholipiwa, kwa herufi zinazosomeka. Na mara moja kwa mwezi, hata kwenye kona ndogo, chapisha anwani ya barua pepe ya kila dawati, saa ambayo kila dawati linafunga, na aina ya picha mnazopokea. Sentimita 8 za safu moja zinatosha. Wengi wanaokupigia saa 12 na nusu jioni wanafanya hivyo kwa sababu hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba mlango wa kupokea taarifa mpya unafungwa saa 10, kabla ya ukurasa wenyewe.

Ni sisi,
Washauri wa uhusiano wa umma
(majina na anwani zimehifadhiwa kwa Mhariri)